Herufi Nono za Wifi Yangu

Nilirudi nyumbani Chumbageni na talaka yangu nikiwa na miaka ishirini na tatu. Sikurudi na mtoto, wala sandukuni sikuwa na kitu cha maana, lakini nilirudi na mkono wa kuandika, na mkono huo ndio ulionipa heshima mtaani. Miaka ile ya hamsini wanawake wengi wa kwetu walikuwa wamehitimu Kurani, na wengine waliandika barua kwa herufi za Kiarabu bila kusita. Wa kuandika kwa herufi za Kizungu ndio waliokuwa wachache. Mimi alinifundisha marehemu baba, aliyekuwa karani wa ghala la katani, kwa rula na penseli. Herufi ikitoka nje ya mstari aliifuta, nikairudia, hata kama chakula kimekwisha kupakuliwa.

Kazi yangu ilikuwa kudarizi foronya. Bibi harusi wa Tanga wakati ule hakwenda kwa mumewe bila foronya za bafta nyeupe zenye maneno: Lala salama, Usingizi mwema, Karibu mpenzi. Siku ya kutandika kitanda wanawake wa pande zote mbili walijazana chumbani, foronya zikainuliwa moja moja, na aliyejua kusoma akazisoma kwa sauti. Mimi nilikuwa na ada ya kusimama karibu na mlango, nisikie. Herufi zangu zilikuwa kubwa, zimenyooka, zina pembe kali, na kila moja ilisimama kwa urefu sawa na mwenzake. Watu walisema ukizitazama utadhani zimetoka gazetini. Sifa ile niliipenda kuliko nilivyompenda yule bwana aliyeniacha.

Kisha kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akaenda Pemba kuwatembelea ndugu zetu wa upande wa mama, na akarudi na mke.

Wifi yangu alikuwa msichana mwembamba, mcheshi, mwenye kusema Kipemba chake bila haya hata majirani walipomwiga. Kwao alikuwa mshonaji wa kofia, zile za vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi mmoja baada ya mwingine mpaka kofia nzima inakuwa ua. Mama alimpenda tangu siku ya kwanza alipoingia jikoni na kuuliza, "Mama, shikamoo, nazi ziko wapi?" Mimi pia nilimpenda, kwa wiki chache. Nasema kweli. Tulikuwa tukikaa kwenye baraza ya uani baada ya alasiri, yeye na kofia yake, mimi na foronya yangu, tukacheka.

Siku moja akanyoosha shingo kutazama kazi iliyokuwa mapajani mwangu.

"Wifi, hapo pameandikwa nini?"

"Lala salama."

Akatazama kwa muda. "Mbona yamekasirika?"

"Nini kimekasirika?"

"Hayo maneno. Mtu unamwambia alale salama, lakini yamesimama kama askari wanaomngoja atoke."

Nilicheka, kwa sababu mama alikuwa akisikia. Lakini niliikunja kazi ile mapema siku hiyo, nikasema macho yamechoka.

Haikupita wiki akaniomba nimwandikie maneno yale yale kwenye karatasi, kwani hakujua kusoma herufi za Kizungu. Alitaka kushona foronya ya kitanda chake mwenyewe. Nikamwandikia kwa herufi ndogo, nikidhani namrahisishia. Aliitazama karatasi kama mtu anavyotazama mchoro wa hina. Hakujua ipi ni l na ipi ni a, na hakutaka kujua. Alikwenda jikoni akaleta kikombe cha kahawa, akachukua na kastabani, kile kikofia cha bati tunachovaa kidoleni wakati wa kushona. Akaweka kastabani juu ya bafta, akaizungushia penseli: hilo likawa tumbo la a. Mgongo wa a akaupinda kwa ukingo wa kikombe. Herufi l, ambayo kwangu ilikuwa fimbo, yeye aliinenepesha, akaizungusha juu na chini, mpaka ikawa kama kidole gumba cha mtoto. Hakuna pembe hata moja aliyoiacha. Kisha akaweka pamba kidogo chini ya uzi, akashona juu yake, na herufi zikainuka kutoka kwenye kitambaa, zimevimba, laini, unatamani kuzibonyeza.

Foronya ile ilipofuliwa mara ya kwanza, mama aliianika kwenye kamba ya uani. Jirani yetu aliyekuja kuomba moto akasimama na kijinga chake mkononi.

"Nani kashona hizi herufi nono?"

Jina likatoka hapo. Herufi nono. Baada ya mwezi hapakuwa na mtu Chumbageni ambaye hakuwa amelisikia.

Sijui kama nitaweza kueleza sawasawa jinsi wivu ulivyoniingia, maana haukuja kwa mkupuo. Mwanamke alikuwa akibisha hodi, mimi nikafungua, nikamkaribisha, nikaweka kando nilichokuwa nimeshika ili nimsikilize. Naye akaniuliza hali, akaniuliza mama hajambo, kisha akasema, "Wifi yako yupo?" Mara ya kwanza nilimwita wifi kwa furaha. Mara ya tano nilimwita bila kugeuza uso. Na kwa kuwa hakujua kusoma, kila walipomwagiza maneno alikuja kwangu na karatasi na penseli. "Niandikie, wifi." Nikamwandikia. Mimi niliyefunzwa kwa rula nikawa mtu wa kuandika vijikaratasi vya kufuatishwa, na kazi yenyewe ikasifiwa kwa jina la mwingine.

Nilijaribu kuzidharau zile herufi. Nilimwambia mama kuwa ni za kitoto, zinafaa kwenye kitambaa cha kufutia mate ya mtoto mchanga. Mama akasema, "Ndiyo, zingependeza huko pia," na hakuona kuwa nimeudhika.

Kilichoniuma zaidi ni mpaka rangi mmoja wa vibao. Alikuja asubuhi na baiskeli yake, mtu wa makamo, nguo zote zina matone ya rangi. Alikuwa amepita nyuma ya nyumba yetu akaona foronya zimeanikwa. Mwenye mkahawa mmoja huko Ngamiani alitaka kibao kipya, kibao cha kumvuta hata mtu aliyeshiba, na yeye mpaka rangi alikuwa amechoka na herufi zake za siku zote. Kaka yangu, ambaye siku hiyo hakwenda bandarini, alifurahi mno. Akaingia ndani, akatoka na foronya mbili za mkewe, akamtandazia mgeni barazani. Yule bwana akachukua karatasi, akaanza kuzichora, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nikashindwa kujizuia, nikauliza kutoka huko huko, "Na herufi za kusimama, huzitaki?"

"Hizo ninazo, dada," alijibu bila kuinua kichwa. "Hizo kila mtu anazo."

Kibao kilipotundikwa kilisema Chai na Vitumbua, chekundu na njano, na kwa kweli maneno yenyewe yalionekana yameumuka kama vitumbua. Watu walitoka mitaa mingine kukitazama. Baada yake fundi cherehani wa jirani akataka chake, kisha vijana wa timu ya mpira wakataka jina la timu yao kwenye bendera. Mimi nilikuwa na shangazi katika barabara ile ya mkahawa. Nikawa nazunguka barabara tatu nzima nikienda kwake, jua linanipiga, nisipite chini ya kile kibao.

Basi ikaja harusi.

Familia ya bibi harusi ilikuwa na asili ya Pangani, watu wa kujiweza, wenye nyumba ya ghorofa moja Ngamiani. Miaka miwili nyuma nilimshonea dada yake bibi harusi foronya nne, na nyanya yao alinishika mikono yote miwili mbele ya watu akaniombea dua. Nyanya huyo ndiye aliyekuja tena kwetu, mzee mnene mwenye sauti ya amri. Nilimwamkia shikamoo, nikamwekea mkeka mpya, nikaleta na kitabu changu cha mifano. Aliniacha nikifungue kitabu mpaka ukurasa wa tatu.

"Mwanangu," akasema, "wewe hatujakusahau. Lakini safari hii bibi harusi anataka za wifi yako."

Foronya sita, na kwenye moja, ile ya katikati ya kitanda iliyo kubwa kuliko zote, alitaka neno ambalo wifi hakuwahi kulishona: nakupenda. Nyanya alilitamka huku akiziba mdomo kwa upande wa kanga, akacheka kama msichana.

Jioni wifi akaja na karatasi. "Niandikie, wifi."

Nikaandika maneno matano ya kwanza sawasawa. La sita nililianza vizuri. N, a, k, u, p. Hapo mkono ukasimama. Siwezi kusema shetani alinishika, ingawa nimewahi kumsingizia. Nilikuwa nawaza kitu cha ufundi kabisa: kwamba kwa mtindo wa wifi, ambao kila herufi ni tumbo, e na o zinakaribia kuwa pacha. Ukiifunga e kidogo tu upande wa kulia na kuuondoa ule mstari wa katikati, unapata o. Nikaandika o. Nikamalizia n, d, a. Nikampa karatasi, nikamwambia, "Hii ya mwisho ndiyo nakupenda."

Nakuponda. Ndivyo ilivyosema.

Alishona kwa wiki mbili na siku kadhaa. Ningeweza kumzuia siku yoyote kati ya hizo. Tulikaa baraza moja, nikimwona akiliweka kila tumbo la herufi kwa kastabani yake, akijaza pamba, akishona kwa uzi wa waridi. Nilijiambia kesho nitamwambia nimekosea. Ilipofika kesho, akaja mwanamke kuuliza kama wifi atapata nafasi ya kumshonea mkwewe, na mimi nikanyamaza. Siku alipoimaliza foronya ile ya kati alinionyesha, akapitisha kidole juu ya ile o.

"Hii ndiyo imetoka vizuri kuliko zote," akasema. "Tazama ilivyo duara."

"Imependeza," nikasema.

Siku ya kutandika kitanda tulikwenda sote, mama, wifi na mimi. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya udi na asumini, wanawake wamebanana mpaka dirishani. Upande wa bwana harusi walikuwa wamekaa mbele, kama ilivyo haki yao, wakitafuta kasoro. Msichana wao mmoja aliyekwenda shule ndiye aliyesoma. Akainua ya kwanza: Lala salama. Vigelegele. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, vigelegele vikizidi, na wanawake wakipitishana foronya ili wazibonyeze zile herufi kwa vidole. Wifi alikuwa amesimama kando yangu, amenishika kiwiko kwa furaha.

Msichana akainua ile kubwa.

"Naku..." akasita. Akaisogeza karibu na uso. "Nakuponda."

Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi akapasuka kicheko.

"Jamani! Mtoto wetu hajafika kitandani mshataka kumponda!"

Chumba kizima kikaangua. Wengine walishikana mabega wasianguke. Nyanya wa bibi harusi alisimama kwa shida, akauliza, "Nani kasema hivyo?" na msichana akamjibu kwa adabu, "Imeandikwa, bibi." Uso wa yule mzee siwezi kuusahau. Alikuwa amejisifu kwa foronya hizi mtaa mzima.

Wifi alikuwa akicheka pia, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka. Kisha akaona hakuna anayemtazama kwa wema. Akaninong'oneza, "Wifi, wanacheka nini?"

Nilikuwa nimekingoja kicheko kile kwa siku kumi na kitu. Nilidhani kitanipoza. Hakikunipoza hata kidogo. Nikamwambia kwa sauti ya chini neno lilivyosomeka.

Alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Herufi ipi?" akauliza.

"Ya sita."

"Inatakiwa iweje?"

"Ifunguliwe upande wa kulia, chini kidogo. Halafu upite mstari katikati."

Akajipenyeza mpaka mbele, akapiga goti kwa nyanya wa bibi harusi. "Bibi, niwie radhi. Mkono wangu umeteleza. Nipatieni sindano na uzi wa waridi, na wembe." Alisema ni mkono wake yeye ulioteleza. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Mzee alikuwa anataka kumfukuza, lakini mama yetu akaingilia kwa maneno laini, na sindano ikaletwa. Wifi akakaa chini kwenye mkeka, akaitandaza foronya mapajani, akainua uso akaniita mbele ya wote.

"Wifi, njoo unionyeshe."

Nikaenda. Nikachuchumaa mbele yake nikaweka kidole mahali pa kukata. Akakata uzi kwa ncha ya wembe, nusu ya ukucha, akachomoa pamba iliyokuwa imejaa hapo, akaikunja ncha ya herufi ikawa kama mkia wa paka anayelala. Kisha akapitisha mstari wa katikati, mshono kwa mshono. Waliokuwa nyuma walipanda juu ya vigoda kuona. Walikuwa wanaangalia herufi ikizaliwa, jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamewahi kuliona, na alipokata uzi kwa meno na kumpa yule msichana foronya, msichana akaisoma kwa sauti iliyopaa.

"Nakupenda!"

Paa lilitikisika kwa vigelegele. Yule yule mwanamke aliyecheka kwanza akaja kumkumbatia wifi, akamwambia binti yake naye ana harusi mwezi wa mfungo sita na hataki mshonaji mwingine. Nyanya akafuta machozi akasema mambo yameishia kuwa mazuri kuliko ambavyo yangekuwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa bado nimechuchumaa pale kwenye mkeka, aibu ikiwa haijaniisha mwilini, nilimwonea wivu upya. Nilikuwa nimemchimbia shimo, na watu wakamshangilia akiwa humo humo ndani.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, mama alipokwenda kwa jirani, wifi alikuja chumbani kwangu. Hakuniomba ruhusa ya kukaa. Alifungua fundo la kanga yake akatoa karatasi niliyomwandikia. Alikuwa anazihifadhi zote.

"Nionyeshe ile herufi ya sita," akasema.

Nikamwonyesha.

"Hii ni ile ya jana kabla sijaikata, au baada?"

Ningeweza kusema uongo. Hakujua kusoma. Lakini macho yake yalijua maumbo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na alikuwa amekwisha kuiona. Aliuliza ili niseme mimi.

"Kabla," nikasema.

"Ulikosea?"

Palikuwa na kuku nje anayelia baada ya kutaga, na tulimsikiliza wote wawili mpaka akamaliza.

"Sikukosea," nikasema mwisho. Nikaanza kumwomba radhi, nikamwambia sijui nini kilinipata, nikaanza na kulia. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Radhi kaa nayo kwanza, wifi. Mimi sina kazi nayo leo. Nataka herufi. Zote, moja moja, na kila moja inavyotamkwa, mpaka siku nisiyokuhitaji tena."

Tukaanza siku ile ile. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, kwa mistari, naye alikataa rula. Alijifunza haraka, nami nilipenda na kuchukia jinsi alivyojifunza haraka. Hakumwambia kaka. Hakumwambia mama. Tuliendelea kukaa baraza moja, akaniita wifi kama kawaida, ila alikoma kunishika kiwiko. Baada ya miezi miwili alinisomea gazeti ukurasa mzima, polepole, akalikunja. "Ahsante," akasema, na toka siku hiyo hakuja tena na karatasi na penseli.

Wakati wa siasa ulipopamba moto, wanawake wa mtaani walianza kwenda mikutanoni, na siku moja wakaja watatu kumwomba wifi awashonee kitambaa kirefu cha kubebwa mbele, neno moja tu: uhuru. Walitaka herufi nono, maana ndizo zilizokuwa zikipendwa mji mzima. Mimi nilikuwa napepeta mchele pale pale uani, nikajifanya sisikii.

Wifi aliwaza kidogo. "Hili si langu," akawaambia. "Herufi zangu ni za mtu anayetaka kulala, au kula, au kucheza. Neno hili mnalipeleka kwa watu wenye bunduki. Mpeni wifi yangu. Zake zinajua kusimama."

Niliacha ungo. Sikujua niweke wapi macho. Nilikishona kitambaa kile kwa siku nne, herufi kubwa nyeusi za pembe kali, kila moja urefu wa mkono wangu, na nilipokiona kinapita barabarani juu ya vichwa vya watu nilisisimka mwili mzima. Lakini hata katika furaha ile palikuwa na mwiba. Kazi ilikuwa yangu, ila aliyejua kuwa inanifaa mimi alikuwa yeye. Miaka yote ile nilishona Lala salama kwa herufi zile, na sikuwahi kujiuliza kama neno lilizitaka.

Baadaye kaka akahamishiwa bandari nyingine, yeye na wifi wakaondoka na watoto wao wawili. Wenye harusi wakarudi kwangu, na karibu wote wakataka nono. Nikajaribu. Nilitumia kastabani, nikatumia na kikombe cha kahawa, nikajaza pamba. Zilitoka mviringo mzuri tu. Mwanamke mmoja alizigeuzageuza akasema, "Zimenenepa, lakini hazijacheka," akachukua hivyo hivyo kwa kuwa harusi ilikuwa karibu.

Mwaka wa pili wifi aliniletea barua, mwandiko wake mwenyewe, kila herufi duara. Alikuwa amekusanya wasichana kumi na wawili, anawafundisha kudarizi na kusoma kwa pamoja. Nilikaa na barua ile siku tatu, wivu ukinikereketa kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Siku ya nne nikaandika kila kitu: kwamba nilimwonea wivu tangu siku aliyosema maneno yangu yamekasirika, kwamba niliandika o nikijua, kwamba nilimwonea wivu akiwa kwenye mkeka, na kwamba hata sasa namwonea kwa wale wasichana kumi na wawili.

Jibu lake lilikuja kwa mtu aliyesafiri. Lilianza kwa salamu za watu wote wa nyumba. Kisha: "Yale uliyoandika nilikuwa nayajua, wifi. Radhi nimeipokea sasa." Mstari uliofuata aliuliza mguu wa mama unaendeleaje, na kama naweza kumpelekea uzi wa waridi, kwa sababu huko aliko ulikuwa haupatikani.

Niliuchagua uzi mwenyewe, vibonge sita, nikampa mchukuzi asubuhi yake.